Mwiritsa na shore, kwa nyinyi mnaoanza fildi

Mnaokuja atachment msitu wa Kakamega mkipewa kazi ya kulinganisha spishi iliyo hatarini na ile ya kawaida, naona karibu wote mnachukua mwiritsa (mti ulio hatarini, Prunus africana, Wakikuyu huuita muiri) na shore (ndege wa kawaida, bulbul kwa Kiingereza), halafu mtu anahesabu miti, anahesabu ndege, anachora grafu, kwisha. Hapo bado hujalinganisha kitu.

Shore unamhesabu kwa masikio zaidi ya macho. Unasimama pointi moja asubuhi na mapema, dakika 10 hivi, unaandika kila uliyemsikia ama kumwona, sasa wewe ukifika saa sita jua kali utaandika ndege wamepungua kumbe ni wewe umechelewa kuamka. Mti hauna hiyo shida, unazungusha tepu mita 1.3 kutoka chini basi. Lakini pima saizi zote hadi miche, manake unaweza kupata mizee imesimama inapendeza kwa picha na chini hakuna hata mtoto mmoja.

Muda ndio unawachanganya watu. Kipimo kimojawapo cha IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) cha kuweka spishi kundi la hatarini ni ipungue asilimia 30 au zaidi ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, ile iliyo ndefu, na mwiritsa unachukua kama miaka 15 ndio uanze kuzaa, kwa hivyo vizazi vitatu ni umri wa babu yako, miezi mitatu yako haiwezi kuonyesha kupungua hata ukipima aje. Badala yake angalia makovu ya gome. Gome ndilo linaliponza huu mti, linauzwa nje kwa dawa ya tezi dume, CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini) waliuweka Kiambatisho cha II, yaani kuuza nje lazima kibali, mwaka 1995, na ukichunwa pande mbili zinazotazamana huwa unapona, ukivuliwa mzunguko mzima mara nyingi unakufa umesimama. Andika umechunwa kiasi gani, mpaka urefu gani, kovu jipya ama la zamani.

Halafu hawa wawili wanajuana, jamii ya shore hula matunda ya mwiritsa na kubeba mbegu. Ukipata mti umeivisha kaa hapo na darubini, andika nani amekuja, amemeza ama amedonoa akaangusha palepale. Fomu nyingi hazina hiyo kolamu, ichore mwenyewe kwa kalamu.