Ningu wa Nyando: msianze na vifaranga

Ndugu yangu wa Ahero, nimekuelewa: kikundi chenu kina hela kidogo, ningu, wale samaki wa Ziwa Victoria, hawaonekani tena mto Nyando, na mnataka kununua vifaranga mkawamwage mtoni. Mimi ningengoja.

Ningu hupanda mto kutoka ziwani kutaga mayai masika yakianza, na hapo ndipo wanaponaswa mayai yakiwa bado tumboni. Ndiyo maana IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, inawahesabu miongoni mwa walio hatarini kabisa kutoweka. Huku kwetu kwenye mto Sondu tulipanda miti misimu miwili mizima, tukapiga picha nyingi kweli, kumbe nyavu zimeziba mdomo wa mto ukingo hadi ukingo. Samaki angepitia wapi?

Anzeni na wavuvi wenyewe. Nendeni kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya pale mdomoni mwa mto, mketi na wazee kabla ya Machi, mkubaliane nyavu zitolewe mto ukijaa. Watawauliza watakula nini wiki hizo. Muwe na jibu, hata kama ni kibarua cha kitalu cha miche. Sisi hatukuwa nalo, tukafukuzwa.

Ukingoni acheni mafunjo yasimame. Mikaratusi msipande.

Vifaranga wakija baadaye, wawe wa ningu wa mto huohuo, kwa idhini ya afisa wa uvuvi wa kaunti. Na mkisikia mtu anavua kwa sumu, msimvamie usiku: pigieni chifu na afisa huyo, kisha waambieni majirani wasinywe maji hayo wala kula samaki wanaoelea.