Mabakuli kupasuka kitako: mkandamizo kwanza, gurudumu baadaye

Pole ndugu. Umesema una mwezi mmoja wa darasa la ufinyanzi na unauliza kama ununue gurudumu la kufinyangia; kikombe chako kimoja kimelipuka tanurini, na mabakuli yako ya udongo yanapasuka kitako wakati wa kukauka, ufa wenyewe umejipinda kama herufi S. Huo husababishwa zaidi na kitako kisichokandamizwa. Ukishafungua donge, yaani kulitoboa katikati kwa vidole, kabla hujapandisha kuta, pitisha vidole kwa nguvu kutoka ukingoni hadi katikati na kurudi, mara tatu au nne. Ukimaliza kufinyanga, nyonya kwa sponji maji yote yaliyotuama ndani. Kidimbwi cha kijiko kimoja kinatosha kuharibu kazi. Kisha funika kwa mfuko wa plastiki siku mbili tatu. Mdomo ukishakaza, geuza bakuli kifudifudi ili kitako nacho kipate hewa.

Kikombe kilicholipuka tanurini ni habari nyingine: yaelekea kiliingia na unyevu. Maji yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hupasua udongo. Siku nyingine kiguse na shavu kwanza; ukihisi ubaridi, bado hakijakauka.

Gurudumu usinunue sasa, mwezi mmoja wa darasa ni mdogo mno. Chukua madonge ya gramu 500, ufinyange bakuli lilelile, kisha ulipasue katikati kwa waya likiwa bado bichi. Inauma, najua. Lakini hapo ndipo utaona ukuta mwembamba juu na mnene chini, kosa ambalo kwa nje halionekani kabisa.