Kuhusu kanuni ya uhamaji katika ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuomba ufadhili huu wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti waliohitimu uzamivu, ilhali umeishi Ujerumani miezi 14 na profesa unayemtaka yuko hukohuko. Uraia wako si kikwazo, kwa kuwa tawi la Ulaya la ufadhili huo liko wazi kwa watafiti wa taifa lolote. Kikwazo ni kanuni ya uhamaji: katika miezi 36 inayotangulia siku ya mwisho ya kupokea maombi, hutakiwi kuwa umeishi, au kufanya kazi au masomo yako makuu, katika nchi mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12. Chukua pasipoti yako na uhesabu kurudi nyuma kuanzia siku hiyo, mhuri kwa mhuri, ukiziacha safari fupi za likizo, ambazo hazihesabiwi. Ikiwa miezi yote 14 imo ndani ya kipindi hicho, Ujerumani haitawezekana safari hii, lakini Ubelgiji au Ureno bado zinawezekana. Nakusihi usisubiri: taasisi mwenyeji ndiyo itakayokuajiri kwa mkataba na ndiyo inayowasilisha ombi pamoja nawe, hivyo mwandikie msimamizi mpya miezi kadhaa kabla.