Jipsamu imefungwa, saketi inaangusha breka, maboksi hayaonekani: nani alipe?

Mkuu, umeeleza kwamba maboksi 4 ya soketi yamefunikwa na bodi za jipsamu, na saketi moja inaangusha breka (swichi ya usalama inayokata umeme) tangu ukuta ufungwe. Fundi jipsamu anadai maboksi yalizama, fundi umeme anadai rauta (mashine ya kukatia matundu kwenye bodi) imekata waya, na mkandarasi mkuu anataka kuwakata malipo wote wawili nusu kwa nusu.

Nusu kwa nusu ni dhuluma. Uharibifu wa namna hii mara nyingi unaacha alama za kuonyesha umetoka kwa nani, ila alama hizo zinasomeka vizuri tu kama ukuta ulipimwa kabla ya kufungwa. Kama haukupimwa, anayestahili kulaumiwa kwanza ni aliyetoa ruhusa ya kufunga, yaani mkandarasi mkuu. Ratiba ni yake, na ruhusa ni yake.

Tuanze na saketi. Zima umeme, chomoa kila kifaa, toa dima (swichi za kupunguza mwanga) na taa za LED maana zinaharibika au zinadanganya kipimo. Unganisha laini na nyutro pamoja, kisha pima ukinzani wa insulesheni (ganda la waya linalozuia umeme kuvuja) kati yake na waya wa ardhi kwa mega, yaani kipimo cha insulesheni, ya volti 500 DC. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364-6 kinataka isipungue megaohmu 1, ila kebo mpya iliyo nzima kwa kawaida inasoma juu sana kuliko hapo. Ukipata 2 au 3 kwenye kebo mpya, usishangilie, tafuta sababu. Kipimo hiki kifanyike mara mbili: kabla ya bodi ya kwanza kupanda, na baada ya bodi zote kufungwa lakini kabla ya puti. Cha kwanza kikiwa kizuri na cha pili kikaporomoka, mjadala umekwisha: kebo imeumizwa wakati wa kufunga bodi. Kupima mara ya pili baada ya rangi ni kuchelewa, maana kila tundu la kutafutia kosa litakuwa na gharama ya rangi juu yake.

Kulipata kosa hakuhitaji kubomoa ukuta. Tenganisha waya za saketi katikati kwenye boksi moja, pima kila nusu, gawa tena nusu mbovu, mpaka ubaki na kipande kati ya maboksi mawili. Hapo fuata njia ya kebo, na toa skrubu moja moja kwenye nguzo za fremu ya ukuta inazopita, huku mwenzako anaangalia mega. Kipimo kikipanda ghafla, skrubu uliyoishika ndiyo yenyewe. Usiitupe, ipime urefu.

Urefu huo ndio ushahidi. Bodi ya milimita 12.5 inafungwa kwenye mbao kwa skrubu ya milimita 32, kwa hiyo inaingia kwenye nguzo kama milimita 20 hivi. Kanuni za umeme za Marekani (NEC) zinataka tundu la kebo liwe angalau milimita 32 kutoka ukingo wa nguzo, la sivyo liwekewe bamba la chuma la milimita 1.6. Nguzo ya mbao ya milimita 38 kwa 89 ikitobolewa tundu la milimita 25 katikati kabisa, kila upande unabaki na milimita 32 kamili. Likisogea kidogo tu, bamba ni lazima. Basi ukikuta skrubu ya 32 imegusa kebo, fundi umeme alitoboa karibu na ukingo au hakuweka bamba. Ukikuta skrubu ya 50 kwenye bodi ya tabaka moja, fundi jipsamu alitumia alichokuwa nacho mfukoni, na kosa ni lake. Kwenye nguzo za bati angalia pia kama kila tundu lina kikombe cha plastiki. Ukingo mkali wa bati unaweza kukwaruza insulesheni wakati kebo inavutwa, kabla fundi jipsamu hajakanyaga saiti.

Kebo iliyoumia ibadilishwe, au iungwe ndani ya boksi lenye kifuniko kinachofikika. Kuifunga tepu na kuirudisha nyuma ya bodi ni kuuacha moto ukutani. Hapa sina lugha laini.

Rauta nayo ina kanuni zake. Kisu kitokeze milimita 3 hadi 6 tu kupita unene wa bodi. Bodi ishikwe kwa skrubu chache mbali na boksi, kwa sababu ukikaza karibu na boksi kabla ya kukata, jipsamu inavunjika na kuacha pengo. Kisu kinazama katikati ya boksi, kinasogea mpaka kiguse ukingo wa ndani, kinarukishwa nje, kisha kinazunguka kinyume cha saa. Waya zikatwazo na rauta mara nyingi ni zile zilizoachwa zikining'inia mdomoni. Fundi umeme aache angalau milimita 150 za waya, lakini azikunje na kuzisukuma mpaka nyuma ya boksi. Kwa hiyo kagua palipokatwa: waya ikiwa imekatwa nyuma kabisa, kisu kilikuwa kirefu mno, ikiwa imekatwa mdomoni, haikukunjwa. Na umeme uwe umezimwa, hata ule wa muda.

Kuhusu maboksi kuzama, uliza kwanza michoro ilisema tabaka ngapi. Fundi umeme anapanga kina cha boksi kwa unene wa ukuta uliomalizika. Akiambiwa bodi moja ya 12.5, kisha mchoro ukabadilika kuwa bodi mbili, maboksi yote yanazama milimita 12.5 bila yeye kukosea popote. NEC inaruhusu kuzama kusikozidi milimita 6 kwenye ukuta usioshika moto kama jipsamu, na pengo pembeni ya boksi lisizidi milimita 3. Suluhisho ni pete ya kuongezea kina, na hiyo ni kazi ya ziada ya kulipwa na aliyebadilisha mchoro. Boksi likitokeza kupita kiasi nalo ni balaa: bodi inavimba, na ikikazwa inapasuka.

Yaliyofunikwa kabisa yana dawa rahisi. Kabla ya kufunga, kila boksi liwekewe alama ya rangi sakafuni chini yake, ukuta upigwe picha futi ya kupimia ikiwa imesimamishwa ndani ya picha, na idadi ya kila chumba ibandikwe mlangoni. Fundi jipsamu akimaliza chumba anahesabu. Ikipungua moja, anaitafuta kabla ya puti.

Jambo ambalo mafundi umeme wengi hawalielewi ni hasira ya fundi jipsamu kwa tundu dogo. Tundu la milimita 100 linahitaji kiraka, tepu na puti mara 3, na puti ya kawaida huhitaji kama saa 24 kukauka kila mkono. Ni safari 3 kwa kazi ya dakika chache. Puti inayojigandisha ya dakika 45 au 90 inaweza kumaliza ndani ya siku moja, lakini bado ni safari. Mkataba useme nani anakata, nani anaziba, na safari ngapi za kurudi zimo kwenye bei. Kama haukusema, hapo ndipo mnapogombana.

Darini ugomvi ni chaneli, yaani vyuma vinavyoshikilia bodi za dari. Zikipangwa kila milimita 400 bila kuangalia taa, kuna taa itaangukia chaneli tu. Chora taa sakafuni, zipandishe kwa leza, ndipo chaneli zipangwe.

Kwa kesi yako: zuia puti leo. Zimeni saketi ile, pimeni wote watatu mkiwepo, toeni skrubu, pimeni urefu, pigeni picha. Kisha mkandarasi amwandikie mhusika, amwonyeshe ushahidi, ampe saa 48 arekebishe mwenyewe. Akishindwa, ndipo akatwe gharama halisi ya marekebisho hayo na si senti zaidi. Maboksi 4 yakionekana kwenye picha za kabla ya kufunga, fundi jipsamu anayafungua kwa gharama yake. Picha zisipokuwepo, na idadi haikuandikwa popote, mkandarasi alipe.