Daftari beba mdogo wangu, huyo aliyekwambia picha zinatosha anakupoteza

Mdogo wangu wa Moshi, hongera kwa kuitwa misheni, ile huduma ya kwenda kuhubiri ya Kanisa letu la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Umeuliza viatu pea ngapi, hela ya kuanzia, ukikumbuka nyumbani ufanyeje, halafu mwishoni kabisa ukatupia "daftari la kumbukumbu nadhani sibebi, kuna braza karudi misheni kaniambia ni mzigo wa bure, picha na voisi kwenye simu zinatosha." Hapo ndo nimeshindwa kupita kimya. Hayo mengine yatasubiri.

Mimi ni mtu wa ng'ambo ya Namanga, nilitumikia Arusha enzi Tanzania ikiwa bado chini ya misheni ya Nairobi, baadaye nikarudi kuishi huku huku. Kabla sijaondoka nyumbani kuna kaka alikuwa ndo kwanza karudi misheni, tawi zima, yaani kusanyiko letu dogo la kanisani, tunamwangalia yeye, anaongea kwa kujiamini balaa, akanipekulia begi langu akatoa daftari akasema unabeba la nini hili, usiku utakuwa umechoka, beba kamera, picha haisahau. Picha haisahau! Mpaka leo nikikumbuka hiyo sentensi napandwa na hasira kabisa. Mtu unamwambia mtoto wa watu kitu ambacho hujawahi hata kukipima, na yeye anakuamini kwa sababu umetangulia. Kama humu ndani kuna waliorudi misheni na wana tabia ya kutoa ushauri wa hivyo, naomba muache, mnawaibia watu kitu ambacho hakirudi.

Maana ngoja nikwambie, picha zangu zote ninazo. Hakuna iliyopotea. Sijaibiwa kamera, memori kadi haijafa, zipo zote na nimezihamishia kompyuta. Na hazinisaidii. Nafungua naona kijana ameshika Kitabu cha Mormoni kwenye kibaraza Sakina, anacheka, jina lake nani? Sijui. Naona bibi katupatia ndizi mkungu mzima, sisi wawili tumeubeba begani tunacheka, alikuwa anatushukuru kwa lipi au alituonea huruma tu? Sijui. Barua pepe nazo zipo, enzi zetu Jumatatu siku ya maandalizi ulikuwa unafua, unapita soko la Kilombero, halafu unakaa intaneti kafe unaandika haraka haraka, na nilikuwa naandika "hamjambo nyumbani, wiki ilikuwa nzuri, mvua nyingi, tumefundisha, Mungu ni mwema." Kila wiki hivyo hivyo. Ukizisoma leo huwezi kujua kama nilikuwa Arusha au wapi.

Sasa kilichoniuma kabisa ni hiki. Kulikuwa na mama mmoja Ngarenaro, si muumini wetu wala hakuwahi kubatizwa, alitupokea tu. Unajua sisi chai ya majani na kahawa hatugusi, na huku, we mwenyewe ni wa Moshi unaelewa, kumkatalia mtu kikombe chake ni kumkataa yeye. Mara ya kwanza alinuna kweli. Tukamweleza taratibu kuhusu Neno la Hekima, ile sheria yetu ya afya inayokataza hivyo vinywaji, akasikiliza, hakusema kitu. Tuliporudi wiki iliyofuata tukakuta kapanda mchaichai kwenye ndoo iliyopasuka pale mlangoni, anasema huu nao dini yenu inakataza? Tangu siku hiyo tukipita kwake sufuria ya mchaichai ipo jikoni.

Huyo mama amefariki. Nilikuwa nimesharudi kuishi Arusha, binti yake akanitafuta akanipata, akaniambia kaka, mama mpaka anaumwa alikuwa anasimulia kuna siku mlifika mmelowa chapachapa, akawaambia kitu mkacheka mpaka mkashika mbavu, na yeye mwenyewe akisimulia anacheka hata hamalizii. Aliwaambia nini? Maana sisi hakutumalizia hata siku moja, na tungependa tulisome siku ya arobaini.

Mdogo wangu, picha ya siku hiyo ninayo. Tumekaa, soksi zetu zinaning'inia, mama ameshika kikombe anacheka. Nimeikodolea macho ile picha. Sikumbuki alisema nini.

Aliyeniokoa ni mwenza wangu wa misheni wa kipindi hicho, maana tunatumikia wawili wawili, Mkongomani wa Lubumbashi. Yeye alikuwa anaandika kila usiku bila kukosa. Ratiba ya enzi zetu kuamka saa 12:30 asubuhi, kulala saa 4:30 usiku, na ule muda mdogo baada ya kupanga kesho mimi nilikuwa najitupa kitandani, yeye anawasha tochi umeme ukikatika, anaandika mistari yake michache anafunga. Nikampigia. Akasema nipe siku mbili nitafute. Akanipigia akanisomea, na nakunakilia alivyoandika (huyo "Elda" ni mimi, ndo cheo tunachoitwa wamisionari wa kiume): "Mvua kubwa. Mama ametuvua viatu kwa lazima, amevijaza magazeti, ameviweka ukutani. Elda akamwomba avisogeze kwenye jiko vikauke. Akasema nimeviweka mbali na moto makusudi, vikikauka upesi mtaondoka."

Ndo hilo. Nilimpelekea binti yake, wakalisoma siku ya arobaini, watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Mistari minne tu kwenye daftari la mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, mimi niliyekaa kwenye kochi lilelile sina hata neno moja.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sitaki mtu aniletee ubishi: kila usiku, kwenye karatasi, andika mtu mmoja unayemshukuru siku hiyo, jina lake, alichofanya, na alichosema kwa maneno yake mwenyewe. Basi. Usiandike "nashukuru kwa baraka za leo", hiyo ni barua pepe yangu ya intaneti kafe. Andika ndoo iliyopasuka.

Na usidhani ni kwa ajili ya kumbukumbu tu, ulipouliza ukikumbuka nyumbani ufanyeje jibu liko humo humo. Kuna siku tulizunguka Njiro toka asubuhi, mageti yote yamefungwa, mbwa wanabweka, mtu mmoja katufukuza kwa matusi mbele ya wanae. Mimi nililala na yale matusi. Mwenza wangu usiku aliandika kuhusu mlinzi wa geti la pili yake, aliyetuita akatupatia maji kwenye jagi lake na akatupisha kwenye kiti chake. Nilikunywa yale maji na mimi! Ila nilikuwa nimeshayasahau kabla hata hatujafika barabarani. Yeye siku nzima alikuwa anatafuta cha kuandika kwa sababu anajua usiku daftari litamuuliza. Wiki ngumu kama zile mimi nilikuwa nataka kurudi nyumbani, yeye hapana, na tulikuwa tunapita mageti yaleyale.

Henry B. Eyring, mmoja wa viongozi wakuu wa Kanisa letu, alilizungumzia hili kwenye mkutano mkuu wa Oktoba 2007, kwamba wanae walipokuwa wadogo aliandika mistari michache kila siku kwa miaka hata akiwa amechoka, na kabla ya kuandika anajiuliza kama leo ameuona mkono wa Mungu kwa familia yake, na akikaa kuwaza ndo anaanza kuona vitu ambavyo mchana vilimpita. Itafute hiyo hotuba uisome kabla hujaondoka. Au mwangalie Wilford Woodruff, rais wa nne wa Kanisa, aliandika kuanzia miaka ya 1830 mpaka karibu na kifo chake 1898, mambo mengi ya mwanzo wa Kanisa tunayajua kwa sababu yeye usiku hakujitupa kitandani. Na Alma 34:38 kwenye Kitabu cha Mormoni inasema tuishi katika shukrani kila siku. Kila siku, si Jumatatu kwa Jumatatu.

Najua kuna atakayekuja hapa chini kusema mambo yamebadilika, tangu Februari 2019 mnaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki, hata ya video, kwa hiyo mama yako atakuwa anasikia yote. Enzi zetu ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu, kwa hiyo hilo ni jambo jema na nawafurahia kabisa. Ila ngoja ufike uone. Mama atakuuliza umekula nini na mbona umekonda, wadogo zako wananyang'anyana simu, mtandao unakata, muda umeisha. Jina la yule bibi wa ndizi haliwezi kupita hapo. Na voisi nazo, nani atakaa miaka kumi baadaye asikilize voisi za miaka miwili atafute sentensi moja? Mwenza wangu alifunua kurasa, akaipata.

Viatu beba pea mbili zenye soli inayoshoneka, za gundi zitakuachia njiani mvua ya kwanza.

Daftari chukua kaunta buku la kwaya mbili lenye gamba gumu, steshenari yoyote hapo karibu na stendi wanalo, na kalamu za kawaida za bei rahisi, zile za jeli nyingi daftari likilowa maandishi yanatoka. Likijaa litume nyumbani na mtu unayemwamini, nunua lingine. Na usisubiri mpaka ufike kituo cha mafunzo. Anza leo leo usiku: umesema suti umenunuliwa na wana tawi, sasa kaa chini uandike nani alichanga na alikwambia nini alipokupa.