Ndege 487 au 2,407? Nani ananunua kahawa?

SWALI: Shikamoo Anko. Hapa kijiweni kwetu tuna ubishi wa wiki nzima sasa. Mimi nilisema kuna rubani mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, Eric Brown, karusha aina 487 za ndege, jamaa yangu fundi pikipiki akanambia acha fiksi, yeye kasikia ni 2,407, na wengine wanasema wote tunadanganya manake aina zenyewe za ndege hazifiki huko. Atakayeshindwa ananunua kahawa na kashata za watu 8. Halafu utwambie alipostaafu alifanya nini, au ndo alikaa barazani kusubiri pensheni? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba kijana. 487 ndo aina za ndege, na hapo kahesabiwa kwa ubahili kabisa, yani Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, alirusha matoleo 14 lakini ikaandikwa moja tu, na hesabu ni zile ambazo yeye mwenyewe ndo alikuwa kamanda wa ndege. Hakuna aliyemfikia duniani. Hiyo 2,407 nayo ni ya kwake kweli, ila ni mara alizotua juu ya manowari za kubeba ndege, na ni rekodi ya dunia pia. Kwa hiyo fundi wako kasikia vizuri, tatizo kashika mkia akadhani ni kichwa.

Mnauliza aina zote hizo alizipata wapi. Jamaa alikuwa rubani wa majaribio pale Farnborough, kituo cha Waingereza cha kujaribia ndege, na vita ilipoisha 1945 Waingereza wakawa wameteka ndege kibao za Wajerumani, sasa nani azijaribu? Brown alikuwa anaongea Kijerumani, akapewa yeye. Mojawapo ni Me 163, ya roketi, ambayo ikishapaa inadondosha magurudumu, kwa hiyo kurudi chini unateleza kwa tumbo, na mafuta yake yalikuwa ya kemikali mbili ambazo zikikutana pasipotakiwa mnalipuka wote. Aliirusha Juni 1945 injini ikiwa inawaka, akashuka mzima.

Ila kisa ninachokipenda mimi ni cha helikopta. Mapema mwaka huohuo yeye na mwenzake walitumwa kule Speke, Liverpool, kuchukua helikopta za Kimarekani, na hawajawahi kuirusha hata siku moja. Wakamuuliza sajenti wa Kimarekani, mwalimu wetu yuko wapi? Akawapa kijitabu. Ndo mwalimu huyo. Wakakisoma, wakajaribu kuinyanyua, ikawa inayumba kama mlevi, baadae wakapaa kurudi Farnborough wakiwa mbalimbali sana, kila mmoja anamkimbia mwenzake wasigongane.

Alikuwa mfupi, jina la utani Winkle, yani konokono mdogo wa baharini. Msicheke, ufupi ulimwokoa. Kulikuwa na jeti inaitwa DH 108, haina mkia wa kulala, zilitengenezwa 3 na zote 3 ziliua marubani. Ikienda kasi inaanza kutikisika juu chini kwa nguvu. Wa kwanza kufa, Septemba 1946, ni Geoffrey de Havilland, mtoto wa mwenye kampuni iliyoitengeneza, naye alikuwa mrefu. Brown akairusha ya aina hiyohiyo kutafuta sababu, mtikisiko ukamkuta vilevile, ila kwa ufupi wake kichwa hakikufika kugonga kioo cha juu, akatoka mzima.

Na kutua melini sio mchezo, deki fupi, meli inapanda na kushuka, ndege inatakiwa inase waya kwa ndoano ya mkiani. Desemba 3, 1945 alikuwa wa kwanza duniani kutua na jeti juu ya manowari, nayo ni HMS Ocean. Wengi hawakuamini inawezekana, manake jeti za wakati ule ukiongeza mafuta injini inajivuta kama daladala inayopanda mlima abiria wananing'inia mlangoni, sasa ukishachelewa hapo ni maji tu.

Kustaafu kwenyewe sasa. Alivua magwanda 1970, na barazani hakukaa, akawa mtendaji mkuu wa bodi ya ushauri wa helikopta Uingereza, yule yule wa kijitabu cha Speke! Miaka ya 80 mwanzoni akawa rais wa Royal Aeronautical Society, chama cha wataalamu wa ndege Uingereza, akaandika vitabu, akawa anazunguka kutoa mihadhara hadi ana umri wa miaka tisini na kitu. Usukani wenyewe aliuacha 1994. Alifariki Februari 2016.

Kuhusu kahawa: wewe umeshinda, fundi hajadanganya, kwa hiyo wanunue wale waliosema nyote waongo. Kashata yangu mniwekee.