Makopo ya maziwa «ya akiba» na orodha ya vitu vya mtoto mchanga

SWALI: Salamu kwako, Mama mkunga. Nina mimba ya miezi minane, ni ya kwanza, na ninaishi Kadutu, hapa Bukavu. Wifi yangu ameniandikia orodha ya vitu vya kununua kabla ya kujifungua: makopo matatu ya maziwa ya unga kwa akiba, biberoni nne, poda, mafuta ya manukato, dawa ya maji ya kutuliza tumbo la mtoto, kitanda kidogo chenye mito yake, viatu, nguo mpya za dukani na pampasi za miezi miwili. Mimi na mume wangu tuliweka kando dola 150, nazo zinaelekea kwisha kabla sijafika katikati ya orodha. Makopo nimekwisha kuyanunua, kwa sababu nimeambiwa kwamba katika uzazi wa kwanza maziwa ya mama huchelewa na mtoto anaweza kulala njaa. Je, kipi ni cha lazima na kipi naweza kukiacha?

JIBU: Mama, nitaanza na makopo, kwa kuwa ndiyo yanayoniudhi kuliko kitu kingine chochote ninachokikuta katika mifuko ya akina mama wanaokuja kujifungua. Kama hayajafunguliwa, yarudishe kwa aliyekuuzia, na ikiwa hakubali kurudisha pesa, mwombe akupe sabuni, sukari au unga wa thamani ileile. Sikwambii hivyo kwa sababu ya bei peke yake. Kopo linalosubiri ndani ya nyumba kabla mtoto hajazaliwa lina tabia ya kufunguliwa, na likishafunguliwa ndilo linaloleta ile shida ambayo lilinunuliwa kuizuia.

Wifi yako hakusema uongo mtupu. Ni kweli kwamba maziwa mengi, yale yanayojaza titi hadi likawa gumu, huja kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa mzazi wa mara ya kwanza yanaweza kukawia kidogo kuliko kwa aliyekwisha kuzaa. Kosa ni kudhani kwamba kabla ya siku hizo titi ni tupu. Tangu saa ya kwanza lina maziwa mazito ya manjano, machache sana kwa macho, lakini tumbo la mtoto katika siku ya kwanza hubeba mililita 5 hadi 7 tu, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Matone hayo yanamtosha, tena yamebeba kinga ambayo hakuna kopo lolote linaloweza kuiuza. Mtoto mwenyewe amezaliwa na akiba mwilini: atapungua uzito kidogo katika siku za mwanzo, pengine hadi asilimia 7 au 10, kisha ataurudisha karibu na mwisho wa wiki ya pili. Hayo ndiyo maumbile yake, wala si dalili ya njaa.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda katika nyumba yenye kopo. Usiku wa pili mtoto analia na kutaka titi kila baada ya nusu saa, jambo ambalo karibu watoto wote hufanya, kwa sababu kunyonya kwake mara kwa mara ndiko kunakouamuru mwili wa mama utengeneze maziwa ya kesho. Mama amechoka, bibi amechoka, kopo liko pale juu ya kabati. Linafunguliwa, mtoto anapewa mililita 60 katika tumbo lisiloweza hata nusu yake, analala kwa saa nne kama mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi, na watu wote wa nyumbani wanasema: mnaona, alikuwa na njaa. Katika saa hizo nne titi halikunyonywa. Titi si pipa la maji ambalo ukiliacha usiku kucha utalikuta limejaa asubuhi. Linatengeneza kwa kadiri linavyotolewa, na lisipotolewa linapunguza. Siku inayofuata kuna maziwa machache zaidi, mtoto analia zaidi, anaongezewa kopo, na baada ya wiki mbili mama ananiletea mtoto akisema kwamba maziwa yake yamekauka, wakati ukweli ni kwamba hayakukauka bali hayakuitwa.

Hebu tufanye hesabu, maana sijasikia muuzaji akiifanya mbele ya mnunuzi. Mtoto anayelishwa maziwa ya kopo peke yake anahitaji karibu kilo 20 za unga katika miezi 6 ya kwanza, yaani makopo 40 ya gramu 500. Katika mwezi wa kwanza tu anamaliza karibu kilo 2. Kama makopo yako matatu ni ya gramu 400, jumla yake ni kilo 1 na gramu 200, ambazo hazifiki siku ya 20. Baada ya hapo titi limepungua, makopo yamekwisha na pesa pia. Ninaijua vizuri hatua inayofuata, kwa kuwa ninapokea matokeo yake: unga unapunguzwa na maji yanaongezwa, kipimo cha vijiko vitatu kinakuwa kimoja, kisha inaongezwa sukari, kisha uji mwepesi unapewa mtoto wa miezi miwili. Anafika kwetu anaharisha, macho yameingia ndani, na mama yake anashangaa kwa sababu alinunua kila alichoambiwa kununua.

Lipo na jambo la usafi. Unga wa maziwa hautoki kiwandani ukiwa hauna vijidudu, hata kopo likiwa limefungwa vizuri na tarehe yake haijapita. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba ukorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70, kisha upozwe na kutumiwa mara moja. Fikiria kuifanya kazi hiyo mara nane kwa siku, pamoja na saa za usiku, katika nyumba inayoteka maji kwa bidoni na kuyachemsha juu ya mbabula, yaani jiko la makaa. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikwisha kupitisha mwaka 1981 kanuni inayokataza kutangaza maziwa haya kwa wananchi na kuwapa mama sampuli za bure. Kwa hiyo mtu yeyote anayekufuata na kopo, hata akiwa amevaa blauzi nyeupe, ujue anauza.

Wapo watoto wachache wanaohitaji maziwa mengine: aliyefiwa na mama yake, au yule ambaye mama yake anatumia dawa kali kama zile za saratani. Uamuzi huo hutolewa baada ya mtoto kuzaliwa na kupimwa, na mtu wa afya hukaa na familia akawaonyesha namna ya kuandaa. Upasuaji hauzuii kunyonyesha. Mapacha hawazuii. Mama mwenye virusi vya Ukimwi anayemeza dawa zake bila kukosa naye huelekezwa kunyonyesha. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayefaidika na kopo lililonunuliwa mwezi mmoja kabla.

Kipimo cha kujua kama mtoto ameshiba si kilio chake wala ulaini wa titi lako, bali ni nepi. Kuanzia siku ya tano au ya sita akilowesha nepi sita au zaidi kwa siku nzima, mkojo wake ukiwa mweupe, na choo chake kikiwa kimetoka kwenye weusi na kuwa cha manjano, basi ameshiba, hata kama jirani anakwambia amekonda. Ukiwa na shaka, mlete apimwe uzito. Mizani tunayo.

Biberoni zote nne ziache. Chuchu yake ina mikunjo ambayo maziwa hugandia ndani na brashi haifiki, na mtoto aliyezoea mpira mara nyingi huanza kulikataa titi. Siku utakapolazimika kutoka, kamua maziwa yako kwa mkono katika chombo safi chenye kifuniko. Mahali pasipo na joto kali yanakaa saa nne bila kuharibika, na mtoto anaweza kuyanywa kwa kikombe kidogo tangu siku ya kwanza. Kikombe kinasuguliwa chote kwa sabuni na kidole chako kinafika kila upande. Hicho kinunue.

Dawa ya maji ya tumbo nayo iondoe kwenye orodha, tena hapa ninaomba unisikilize vizuri. Watoto wengi wenye afya huanza kulia sana jioni kuanzia wiki ya pili, kilio kinafika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha kinapungua chenyewe kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Wauzaji wa farmasi za mitaani wanaishi juu ya kipindi hicho. Mama anapewa chupa ndogo, anarudi kwa ya pili, anarudi kwa ya tatu, na kilio kinapokwisha kwa wakati wake chupa ya mwisho ndiyo inayosifiwa. Dawa za aina hiyo zilizouzwa Uingereza tangu karne ya 19 zilikuwa na pombe ndani yake, jambo linaloeleza vizuri kwa nini watoto walinyamaza. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji hata maji, sembuse maji yenye sukari na harufu.

Poda humwingia mtoto mapafuni inapopulizika, na manukato humchoma ngozi. Mafuta ya kawaida yasiyo na harufu yanatosha. Kitovu hakipakwi chochote nyumbani, si majivu, si chumvi, si dawa ya meno, si mate ya mtu anayeheshimiwa; kinaachwa kikavu, nepi inakunjwa chini yake, na ndani ya wiki moja au mbili kinaanguka. Viatu vya mtu asiyetembea siwezi kuvitetea. Kitanda si lazima, na kama utapewa, toa mito yote, umlaze mtoto chali juu ya godoro lisilobonyea. Kinacholazimika ni chandarua chenye dawa, ambacho hutolewa bure kwa wajawazito wanaohudhuria kliniki. Kama hujapewa chako, kiulizie katika ziara yako ijayo.

Pesa uliyotaka kuiweka kwenye makopo, iweke kwenye joto. Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na usiku wa mvua mtoto mchanga anapoteza joto haraka kuliko tunavyodhani, hasa kichwani. Kofia mbili, soksi, fulana nne au tano, mablanketi mawili mepesi na vikwembe vya zamani vilivyolainika: hivyo ndivyo vinavyotumika kila siku. Si lazima viwe vipya. Nguo za mitumba zilizofuliwa kwa maji ya moto, zikakauka kabisa na kupigwa pasi kila mahali zinafaa vilevile, tena ni laini kuliko mpya. Nunua nepi za kitambaa kama 20, na paketi moja ya pampasi kwa siku za kwanza na kwa siku ambazo mvua haikubali kitu kikauke. Usiogeshe mtoto kabla saa 24 hazijapita. Na joto lililo bora kuliko yote halinunuliwi: mtoto awe na nepi na kofia tu, alazwe kifuani mwako ngozi kwa ngozi, na mfungwe pamoja kwa kikwembe. Njia hii ilianzishwa mwaka 1978 mjini Bogotá, nchini Kolombia, na daktari Edgar Rey, hospitali yake ilipopungukiwa na mashine za kuwapasha joto watoto njiti, na hadi leo inaokoa watoto mahali ambapo mashine hazipo.

Ila usiingize mbabula chumbani. Ninajua kwamba kwa nia njema nyumba nyingi huweka makaa mekundu karibu na mzazi na kufunga dirisha baridi isiingie. Makaa hayo hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo inamuua aliyelala bila kumwamsha, na mtoto mchanga hutangulia.

Kisha weka kando nauli. Wewe unakaa Kadutu na unajua ni nyumba ngapi ambazo gari haliwezi kuzifikia; uchungu ukianza saa nane za usiku wakati mvua inanyesha, pesa iliyo mkononi na namba ya dereva mnayemfahamu vina thamani kuliko kitanda. Weka na ya chakula chako wewe mwenyewe, maana maharage, sambaza, lengalenga na parachichi ndivyo vinavyorudisha damu na nguvu za mama anayenyonyesha, wakati mara nyingi ninaona mama anakunywa chai kavu pembeni ya kopo la bei kubwa.

Nasema haya kwako, lakini yanamhusu kila mama wa mji huu anayeuziwa hofu. Biashara kubwa zaidi kuhusu mtoto mchanga inafanywa juu ya maneno mawili: hashibi na analia. Anayeuza hamgusi mtoto, hamvui nguo, hampimi uzito, haulizi amelowesha nepi ngapi. Anasikiliza nusu ya maelezo na mkono wake tayari uko kwenye rafu. Kibaya zaidi ni kwamba chupa hizo huchelewesha wagonjwa wa kweli. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja anayekataa kunyonya, anayepumua mbiombio au kifua chake kikiingia ndani anapovuta pumzi, mwenye mwili wa moto au wa baridi isiyo ya kawaida, aliyelegea, aliyeshtuka kwa degedege, mwenye viganja na nyayo za manjano, au ambaye kitovu chake kimekuwa chekundu na kutoa usaha, hapelekwi farmasi. Anapelekwa kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, akiwa kifuani mwa mama yake na akiendelea kupewa titi njiani kama bado anaweza kunyonya.